Kifaa Kinawakaje? Butiloda na Kazi ya Kuamsha Bodi

Mwaka 2024, wateja wa LUKU walipotakiwa kuboresha mita zao kabla ya tarehe 24 Novemba, aliyenunua umeme alipokea makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya moja. Mawili ya kwanza unaingiza, mita inakubali, la tatu ndilo lenye uniti zako. Hapa Dodoma, kuanzia Majengo hadi Nkuhungu, maelezo yaliyozunguka vijiweni yalikuwa yaleyale: mita zinawekewa programu mpya. Na mita iliyokataa tarakimu ikatangaziwa msiba palepale, kwamba "buti" yake imekufa.

Hakuna programu iliyobadilishwa. Tokeni ya LUKU hubeba ndani yake muda ilipotolewa, ukihesabiwa kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni biti 24 tu, yaani tarakimu 24 za sifuri na moja. Biti 24 zinatosha dakika 16,777,216, yaani karibu miaka 32, na Novemba 2024 zikawa zimekwisha. Makundi yale mawili ya ziada yaliipa mita ufunguo mpya na kuifutia kumbukumbu ya tokeni za zamani, ili hesabu ihesabiwe upya kuanzia mwaka 2014. Programu yenyewe ya mita ilibaki ilivyowekwa kiwandani.

Hata hivyo mkanganyiko ule ulizaa maswali ya maana. Hiyo programu iko wapi? Umeme ukikatika na kurudi, nani anaianzisha wakati hakuna aliyebonyeza kitu? Na hiyo "buti" inayotajwa na kila fundi simu ni mnyama gani?

Tuanze na majina. Mita ya LUKU, king'amuzi, simu, mashine ya risiti, hata kidhibiti cha pampu ya sola, vyote vina kompyuta ndogo ndani. Sehemu zake za kushikika, yaani chipu, bodi, skrini na waya, tunaziita maunzi. Maagizo yanayoziendesha ndiyo programu. Butiloda ni programu fupi inayotangulia nyingine zote: umeme ukiingia, yenyewe ndiyo ya kwanza kukimbia. Ina kazi mbili, kuamsha maunzi, kisha kuitafuta programu kubwa, kuihakiki na kuikabidhi kifaa. Neno la mwisho ni rejista. Hivi ni visanduku vidogo ndani ya chipu, kila kimoja na anwani yake, na namba unayoandika humo ndiyo inayowasha au kuzima kitu: namba hii inafungua pini fulani (mguu mmoja wa chuma wa chipu), ile inaongeza kasi.

Sasa chipu inapopata umeme huwa haijui lolote. Haijui kama imefungwa kwenye mita au kwenye mashine ya kufulia. Haijui pampu iko kwenye pini ipi, wala kama kuna skrini. Inaamka kwa kasi ndogo, sehemu zake nyingi zikiwa zimezimwa, na lazima mtu awe ameandika hatua kwa hatua nini kiwashwe na kwa mpangilio gani.

Aliyewahi kuendesha mashine ya kusaga atalielewa hili upesi. Injini inawashwa kwanza, inaachwa ishike kasi, ndipo mahindi yanamiminwa. Ukimimina kabla, mashine inajaa na kukwama, na asubuhi yako yote itaishia kuchokonoa unga mbichi huku akina mama wamepanga ndoo mlangoni. Mahindi ni mazuri, mashine ni nzima, kilichokosewa ni zamu tu.

Ndani ya chipu zamu ina ukali kuliko huo. Chukua STM32F103, chipu ya bei nafuu ambayo wanafunzi wengi wa elektroniki huanzia. Inaamka ikitumia saa yake ya ndani, yaani kitoa mapigo yanayoiendesha, ya megahezi 8 (mapigo milioni 8 kwa sekunde). Kwa kutumia kristali ya nje, kijipande kinachotoa mapigo hayo kutoka nje ya chipu, ya megahezi 8, ikizidishwa mara tisa, inafika megahezi 72, ambayo ndiyo kasi yake ya juu. Lakini hifadhi inamokaa programu haiwezi kujibu kwa kasi hiyo. Ni lazima kwanza uandike kwenye rejista ya hifadhi kwamba prosesa, sehemu ya chipu inayotekeleza maagizo, isubiri mapigo mawili kila inaposoma, ndipo upandishe kasi. Ukigeuza mistari hiyo miwili, prosesa inaanza kusoma takataka na kupotea njia. Hakuna ujumbe wa kosa, maana kitu ambacho kingekuonyesha ujumbe hakijaamka bado.

Kuna lingine ambalo limewakesha vijana wengi. Kwenye chipu hiyohiyo kila sehemu ina mlango wake wa saa, yaani swichi ya kuipitishia mapigo, na mlango huo umefungwa hadi uufungue. Ukiandika kwenye rejista za sehemu ambayo mlango wake haujafunguliwa, maandishi yako yanapotea kimyakimya. Msimbo, yaani maagizo uliyoyaandika, unaonekana sahihi mstari kwa mstari, ukiulinganisha na kijitabu cha chipu hauoni tofauti, na bado pini haitoi kitu.

Kwenye simu na kompyuta kubwa zaidi safari ni ndefu. Kumbukumbu yao kuu haifanyi kazi mpaka ipangiwe muda wake kwa umakini, kwa hiyo programu kubwa haina pa kukaa mwanzoni. Ndani ya chipu kuna maagizo machache yaliyochomwa kiwandani yasiyofutika. Hayo yanavuta kipande kidogo cha butiloda na kukiweka kwenye kumbukumbu finyu iliyomo ndani ya chipu yenyewe. Kipande hicho kinaamsha kumbukumbu kuu, kisha kinaivuta butiloda kamili, nayo ndiyo inayouita mfumo mzima. U-Boot, butiloda huria iliyoenea kwenye ruta na bodi za viwandani, hufanya hivyohivyo.

Kwa hiyo fundi akikwambia simu imekwama kwenye nembo na akaongeza kwamba bodi imekufa, muulize nembo hiyo imechorwa na nani. Ili ionekane, prosesa imeamka, kumbukumbu imepangwa, skrini imewashwa. Butiloda imeshafanya sehemu kubwa ya kazi yake. Huenda hifadhi imechoka, hilo hutokea, lakini mara nyingi kilichoharibika ni mfumo unaofuata, na "kuflashi" ni kuuandika upya. Hatari iko pale mtu anapoandika upya butiloda yenyewe na umeme ukakatika katikati. Hapo kifaa hakina tena wa kukiamsha, isipokuwa yale maagizo yaliyochomwa kiwandani yawe na mlango wa dharura. Na kufungua butiloda ya simu yako si wizi wala si kirusi, kama wengine wanavyoamini. Ni kuiambia iache kudai muhuri wa mtengenezaji kabla ya kuupokea mfumo, nawe ubebe hasara ya ulinzi uliouondoa.

Mpaka hapa tumezungumzia kuwaka. Linaloniuma zaidi ni kuendelea kuwaka mwaka wa tatu na wa nne, baada ya aliyeandika msimbo kupata kazi kwingine.

Ukanda huu wa kati una jua la kutosha na mvua ya kubahatisha, na zabibu za Hombolo, Mpunguzi na Makutupora zinahitaji maji kwa ratiba. Ndiyo maana miradi ya vijana wa vyuo vya hapa mjini inaangukia hapohapo: kihisi cha unyevu ardhini, pampu ya sola, vali, na bodi ndogo inayoamua lini maji yafunguliwe. Mezani inafanya kazi vizuri na kupigiwa makofi. Msimu unaofuata bodi ileile haipatikani dukani, inanunuliwa inayofanana nayo, pini zimehama, na msimbo ulioandikwa kwa haraka unageuka fumbo. Namba ya pini ya pampu imetajwa sehemu kumi na moja, nyingine ndani ya hesabu, nyingine ikiwa imeandikwa kwa mtindo tofauti. Anayerithi anabadilisha sehemu kumi.

Mfano mmoja kwa karibu. Kwenye ESP32 ya awali, chipu maarufu yenye Wi-Fi, pini namba 12 ina kazi ya pembeni isiyojulikana na wengi. Wakati wa kuamka, kabla ya mstari wowote wa programu yako, chipu inaisoma pini hiyo ili iamue hifadhi ya programu ipewe volti 3.3 au 1.8. Ikiikuta juu, yaani ina volti, inachagua 1.8. Moduli nyingi zina hifadhi ya volti 3.3, kwa hiyo haisomeki na kifaa hakiwaki. Sasa mtu ameunganisha bodi ya rilei, swichi inayoendeshwa kwa umeme, kwenye pini 12, zile za bei rahisi zinazowaka pini ikishuka, ambazo zenyewe huivuta pini juu. Mezani alichomeka waya wa rilei baada ya kifaa kuwaka, mambo sawa. Shambani umeme unaingia vyote vikiwa vimeunganishwa, kimya. Anakirudisha mjini, anachomoa rilei ili kikae vizuri mezani, kinawaka. Hapo ndipo hadithi za chipu feki zinapozaliwa.

Msimbo hauwezi kutibu hilo, kwa sababu linatokea kabla ya msimbo. (Kuna njia ya kuufunga uamuzi huo ndani ya chipu moja kwa moja, lakini ukishaufunga haurudi.) Kinachosaidia ni faili moja ya bodi, yenye kila pini, inatumika kwa nini, na sababu. Mbele ya pini 12 kunaandikwa: isitumike, inasomwa wakati wa kuamka. Mrithi akifungua faili hiyo, ameshaokoa safari ya kwenda na kurudi Hombolo.

Hilo ndilo jambo ninalotaka libaki kichwani mwa anayeandika butiloda: maelezo ya bodi yakae peke yake, na utaratibu wa kuamsha ukae peke yake. Bodi ina kristali ya megahezi ngapi, pampu iko wapi, hifadhi ni ya aina gani: hayo hubadilika kila duka linapoishiwa. Kwamba hifadhi ipangwe kabla ya kasi kupandishwa, au mlango wa saa ufunguliwe kabla ya kuandika rejista: hayo yanabaki vilevile maadamu chipu ni ileile. Ukivichanganya, kila badiliko dogo la bodi linakulazimisha kugusa utaratibu ambao ulikuwa hauna kosa.

Wakubwa walijifunza hili kwa maumivu. Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, kwenye chipu za ARM kama zile za simu, ilikuwa na faili za msimbo kwa kila bodi, maelfu ya mistari inayofanana ikiongezeka kila toleo, hadi mwaka 2011 Linus Torvalds, mwanzilishi wake, alipolalamika hadharani. Baada ya hapo maelezo ya bodi yalianza kuhamishiwa kwenye faili za pembeni, mtindo uliokuwa umeshatumika kwenye mashine za chipu za PowerPC, na kiini cha Linux kikawa kinaisoma faili hiyo na kujua kimefungwa kwenye bodi ipi. U-Boot nayo ikafuata mtindo huohuo. Kwa chipu ndogo ya shambani huhitaji mtambo mzito kiasi hicho. Faili moja yenye majina ya pini na thamani chache inatosha.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kuandika uamshaji wote kama jedwali: anwani ya rejista, namba ya kuandika, basi, na kitanzi kimoja kinalipitia. Ni safi, na kwa pini nalipenda. Lakini kuamsha si kuandika tu. Kuna kusubiri majibu, kuna kuchagua njia nyingine jibu lisipokuja, na jedwali likianza kubeba "ikiwa" na "rudia" ndani yake, umebuni lugha ya programu ambayo mtu mmoja tu duniani anaielewa. Jedwali la namba tupu lisilo na sababu mbele ya kila mstari nalo ni balaa. Namba zilizotolewa na zana ya mtengenezaji, hasa zile za kupanga kumbukumbu kuu, zikae kwenye faili yao, zimeandikwa zimetoka zana gani na toleo lipi, na zisiguswe kwa mkono.

Kusubiri kunastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndiko vifaa vingi vinakofia. Mifano mingi ya msimbo huandika hivi: washa kristali ya nje, kisha zunguka hapa mpaka iseme iko tayari. Mpaka lini? Haijasemwa. Kristali ikiwa imepasuka kwa mitikisiko ya gari, au lehemu yake imeachia, kifaa kinazunguka hapo milele, taa haiwaki, na kwa mtazamaji kimekufa. Weka kikomo. Muda ukipita, endelea na saa ya ndani ya megahezi 8, fanya unachoweza kwa kasi ndogo, na upige taa kwa namna ya kumwambia fundi kwamba kristali ina tatizo. Shamba likimwagiliwa polepole, mwenye zabibu hana ugomvi na wewe.

Na kila hatua itangaze namba yake kabla ya kuanza, si baada ya kumaliza. Ikitangaza kabla, namba ya mwisho uliyoiona ndiyo hatua iliyokwama. Kompyuta za mezani zilifanya hivi tangu enzi za IBM PC AT ya mwaka 1984: zilituma namba ya kila hatua kwenye mlango namba 80 wa mfumo, na mpaka leo kuna kadi za mafundi zinazousoma.

Kisha lipo la alfajiri. Pampu ya sola isiyo na betri haipati umeme kwa mkupuo kama uliochomeka ukutani. Jua linapanda, volti zinapanda nalo taratibu, chipu inaamka, inawasha kitu kinachokula umeme, volti zinashuka, chipu inazimika, inaamka tena. Hilo linaweza kurudiwa mara nyingi kabla jua halijakaza. Kwa hiyo kila hatua ya kuamsha iandikwe ikijua kwamba huenda ikakatizwa nusu na kurudiwa kuanzia mwanzo, na isidhani kifaa kilichounganishwa nje kimezimika pamoja nayo. Kihisi chenye umeme wake kinaweza kuwa bado kiko katikati ya sentensi ya awali. Chipu nayo iagizwe isianze kabla volti hazijafika kiwango. Nyingi zina kilinzi cha namna hiyo ndani, kinachohitaji tu kuwashwa.

Katika hali hiyo jambo la kwanza kabisa liwe usalama wa pampu. Kwenye STM32F103, pini nyingi zinapoamka zinaning'inia, haziko juu wala chini, na rilei inaweza kuchezacheza. Rizista ya nje inaishikilia pini upande wa kuzima, na msimbo unaandika thamani ya kuzima kwanza, halafu ndipo unaigeuza pini kuwa ya kutoa. Ukianza kuigeuza, kuna muda mfupi sana ambapo inatoa thamani uliyoikuta, si uliyoitaka. Kwa taa haina neno. Kwa pampu au vali, unaweza kuisikia ikishtuka.

Wanaoandika programu nao wana imani zao, ya kwanza ikiwa ile ya "ukifanya kazi usiuguse". Imezaa mistari kama "subiri milisekunde 50" isiyo na maelezo, ambayo kila mtu anaiogopa. Baadaye mmoja anaifuta ili kifaa kiwake haraka, na kimoja kati ya vifaa kadhaa kinaanza kugoma asubuhi za baridi. Maoni ndani ya msimbo yaseme kwa nini: kihisi hiki kinahitaji muda huo baada ya kupata umeme, kwa mujibu wa kijitabu chake, ukurasa fulani. Na usipime muda kwa kuhesabu mizunguko ya kitanzi. Uhaba wa chipu ulioikumba dunia kuanzia 2020 uliwalazimisha wengi kuhamia chipu mbadala zenye pini zilezile lakini kasi tofauti, na vitanzi hivyo vikaanza kudanganya.

Imani nyingine ni kwamba butiloda yenye mambo mengi ndiyo bora. Naona kinyume. Programu kuu unaweza kuibadilisha ukiwa umekaa mjini, ikishindikana butiloda ipo kukurudisha kwenye nakala ya zamani. Butiloda yenyewe ikiharibika, mtu anapanda pikipiki na kompyuta mgongoni kwenda Bahi wakati wa masika. Iamshe kile tu kinachohitajika kuipata programu kuu na kuihakiki. Skrini, vihisi na Wi-Fi ya kila siku viachiwe programu kuu. Kabla ya kukabidhi, butiloda izime ilichokiwasha, hasa vipima muda, la sivyo kengele yao inayofuata itaikuta programu kuu haijajiandaa kuipokea. Na programu kuu nayo ianze kana kwamba haikumkuta mtu.

Kuyajua haya kabla ya kifaa kwenda shambani hakuhitaji maabara. Ing'oe kristali uone kama bado kinawaka. Kilishe umeme taratibu kutoka paneli asubuhi, uone pampu inafanya nini. Kisha mpe msimbo mwenzako ambaye hakuuandika, mwambie aihamishe pampu kwenda pini nyingine, nawe ukae kimya uhesabu faili anazozifungua.